Gari la Shemeji na Maji ya Kufulia

Nilianza kuosha injini kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwembamba. Sikusomea kazi hiyo, sikuiomba, wala sikuwahi kuiota. Nilikuwa msichana wa Sagalla ninayeuza uji kwenye gereji za Voi, napita na jagi na vikombe, nasikia mafundi wakitukana magari. Asubuhi moja nikamkuta Fundi Salimu amejikunja ndani ya boneti, miguu inaning'inia, anabembeleza spana kama mtu anayebembeleza paka atoke mvunguni. Spana ilikuwa imemponyoka ikaangukia nyuma ya injini, pale ambapo chuma na ukuta wa gari vimebanana kama ndugu wanaolala kitanda kimoja. Kila mwanamume wa gereji ile alikuwa amejaribu kuitoa, na kila mmoja alikuwa na mchubuko wa kuonyesha.

Fundi Salimu aligeuza shingo akanitazama.

"Mwanangu, lete mkono wako huo. Uji weka chini."

Niliweka uji chini. Mkono ukaingia hadi kwapani, ukapapasa kwenye matope mazito ya oili na vumbi, ukatoka na spana. Ulikuwa mweusi tititi. Fundi Salimu aliitazama spana, akautazama mkono, akacheka.

"Kesho usije na uji," akasema. "Njoo na nguo kuukuu."

Mama yangu alidhani nimefukuzwa. Nilipomweleza kwamba nimeajiriwa kuosha injini, aliuliza kama injini zenyewe haziwezi kujiosha. Nimestaafu sasa, mama alishatangulia, na swali lile bado linanichekesha.

Nazungumza nanyi vijana mnaosimama kando ya barabara kuu pale Voi na gambuti zenu na mashine za presha. Nawaona nikipita. Gari linaingia, boneti inafunguliwa, maji yanapigwa kama mnazima moto, boneti inafungwa, kazi imekwisha. Halafu gari linagoma kuwaka na mnamwambia mwenyewe eti betri imechoka. Sijaja kuwagombeza. Hata sisi tulijifunza kwa kulowana. Lakini wengine wenu mna magari ya baba na babu zenu yamelala nyumbani, injini zimevaa uchafu wa miaka, na mtataka kuyaosha wenyewe uani. Hapo ndipo nina la kusema.

Mkifungua boneti ya gari la zamani, msiguse maji kwanza. Wekeni mikono mgongoni mtazame. Fundi Salimu alikuwa ananisimamisha mbele ya injini chafu kama mtoto aliyepelekwa kutazama ng'ombe mnadani. "Uchafu wasema," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa. "Pale palipo vumbi kavu, hapana neno. Pale vumbi limelowa, pana kitu chavuja. Tazama kabla hujafuta, maana ukishafuta umemnyamazisha shahidi."

Injini lazima iwe baridi. Siku moja mteja mmoja aliyekuwa na haraka zake alichoka kungoja, akachukua ndoo mwenyewe, akamwaga maji kwenye injini iliyotoka safari ya Taveta. Ekzosi, bomba la kutolea moshi, ilikuwa moto wa kuchoma mahindi. Tulisikia *ta!*, mlio mmoja mkavu, na chuma kikapasuka. Fundi Salimu hakumkemea. Alimletea kiti, akamletea na kikombe cha maji, kisha akamuuliza kwa upole, "Ndugu yangu, wewe ukitoka shambani na jasho lako, mtu akakumwagia ndoo ya maji baridi mgongoni, wamwita rafiki?"

Betri hufunguliwa, waya hasi kwanza. Kisha unafunika vitu visivyopenda maji: distribyuta inayogawia plagi umeme, oltaneta, mdomo wa kuvutia hewa, koili. Zamani tulifunika kwa mifuko ya plastiki. Siku hizi mifuko hiyo imepigwa marufuku, kwa hivyo mimi hutunza karatasi za mkate kama vile wengine wanavyotunza vyeti. Na ukifunika, ukumbuke kufunua. Fundi Salimu mwenyewe, mwalimu wangu, aliwahi kusahau mfuko kwenye mdomo wa hewa. Gari likawaka, likakohoa, likafa. Likawashwa tena, likakohoa, likafa. Alifungua kabureta, akasafisha plagi, akaliombea dua, akalitukana, akaliomba radhi. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Taita alipouona mfuko umefyonzwa ndani umejikunja kama kitambaa cha pua. Tangu siku hiyo alitaka mifuko myekundu tu, ionekane kutoka mbali.

Wakati huo dawa yetu ilikuwa mafuta ya taa na brashi ya rangi. Yalisafisha, sikatai, lakini yalinuka hadi kwenye mto wa kulalia, na ilibidi uwafukuze wavuta sigara kama kuku kwenye mchele. Baadaye zikaja degrisa, dawa za chupa za kuyeyusha grisi zinazochanganyika na maji, na maisha yakawa matamu. Lakini chombo changu kikubwa hakikubadilika. Ni mwiko uliovunjika. Mti haukwaruzi alumini na hautoboi mpira. Grisi iliyoganda unaikwangua kwanza ikiwa kavu, polepole, ili dawa isipoteze nguvu kwenye ukoko. Mkianza na dawa bila kukwangua, mtanunua chupa na chupa, na mtapata tope badala ya usafi.

Basi nilipostaafu nilirudi nyumbani Sagalla nikidhani nimemalizana na injini. Mlima wetu una hewa nzuri na watu wazuri, ila maji ni ya kuwinda. Nililima mbaazi zangu, nikafuga kuku, nikaimba kanisani. Mikono ikaanza kuwa na rangi yake ya kuzaliwa.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, Mshai, aliyeolewa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Alikuwa analia.

"Dada, wanakuja kumchukua Chai."

Nilianza kuhesabu wajukuu wake kichwani nikitafuta nani anaitwa Chai. Ndipo nikakumbuka. Chai ni gari lao, lile refu lenye viti na nafasi ya mizigo nyuma, lenye rangi ya chai ya maziwa. Mumewe, Mwadime, alilinunua likiwa tayari lina umri wa kuolewa. Gari hilo limebeba mahindi, limebeba wagonjwa, limebeba kwaya nzima na ngoma zake. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, kabla hawajafika Maungu, wakiwa wanakimbilia hospitali ya Voi. Ndiyo maana anaitwa Wachia, yaani wa njiani.

"Nani anamchukua?" niliuliza.

"Mtu wa skrapu kutoka Taveta. Kesho. Fundi mmoja alipita hapa akasema injini imekwisha, oili inatoka kila mahali. Na moshi, dada! Ukiendesha, moshi unatoka chini ya boneti kama jikoni. Mwadime amekubali kuuza. Lakini hali chakula. Asubuhi kabla ya chai anakwenda anakaa ndani ya gari, peke yake, halafu anarudi."

"Mmeiosha?"

"Nini?"

"Injini. Kuna mtu ameiosha, akaona oili inatokea wapi?"

Mshai akasema kwa sauti ndogo, "Dada, injini ile haijaoshwa tangu tulinunue gari."

Nilichukua mfuko wangu wa brashi uliokuwa unaning'inia jikoni, nikampigia mtu wa bodaboda anishushe Voi, na kabla ya jua kuzama nilikuwa Rukanga.

Shemeji Mwadime alinipokea uani. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye utani wa kimyakimya. Aliutazama mfuko wangu.

"Shemeji, karibu. Nasikia umekuja kuosha maiti."

"Maiti huoshwa, shemeji," nikamjibu. "Ama kwenu mnazika na uchafu?"

Alicheka, kicheko cha kwanza, Mshai aliniambia baadaye, tangu fundi yule apite. Akakubali niioshe injini kesho yake asubuhi kabla mnunuzi hajafika. Nilijua anakubali kwa heshima yangu tu. Alishamuaga Chai.

Asubuhi, baridi ya Kasigau ikiwa bado inatembea uani, tulilisukuma Chai hadi mahali penye mchanga, mbali na kuku na mbali na mboga. Nikatandaza magunia chini ya injini na kumwaga mchanga na majivu juu yake, kwa sababu grisi ikishuka ardhini haiondoki, na kuku hanywi oili akakutagia yai zuri. Nikafungua boneti.

Vijana wangu, nimeona injini nyingi. Hiyo haikuwa injini. Ilikuwa shamba. Vumbi jekundu la barabara ya Rukanga lilikuwa limechanganyika na oili mwaka baada ya mwaka hadi huwezi kujua pampu iko wapi na redieta inaishia wapi. Yule fundi aliyepita simlaumu hata kidogo. Katika uchafu ule, hata mimi ningesema oili inatoka kila mahali, kwa sababu kila mahali palikuwa na oili.

"Sasa maji," nikamwambia Mshai.

Akaangalia chini. "Dada, mfereji haujatoa tangu wiki iliyopita. Yale ya kunywa yako kwenye mtungi. Mengine ni haya niliyofulia sare za kwaya."

Nilitazama ndani ya karai. Maji yalikuwa na povu la sabuni, yamegeuka kijivu kidogo.

"Haya ndiyo mazuri," nikamwambia. "Yana sabuni tayari."

Na ni kweli. Mtu akikwambia huwezi kuosha injini bila mfereji na presha, mwambie aje aishi Sagalla mwaka mmoja. Injini haihitaji maji mengi. Inahitaji mikono mingi. Nilitoboa tundu ndogondogo kwenye kopo la maziwa ya unga, nikapata bomba la mvua la kutosha, lenye mvua ya adabu isiyoingia mahali ambapo haikualikwa.

Nilitoa waya wa betri. Nikamwomba Mshai karatasi za mkate, nikafunika distribyuta, oltaneta na mdomo wa hewa, nikafunga kwa kamba za katani. Kisha nikashika mwiko wangu uliovunjika, nikaanza kukwangua. Mshai alijifunga leso kiunoni akashika wa kwake. Mwadime alikaa pembeni juu ya gogo, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja msibani asiyetaka kuonekana analia.

Vipande vilianguka kama ukoko wa ugali. Nyuma ya betri, mwiko wangu ukazama kwenye kitu laini. Nikavuta. Kikatoka kiota cha panya, kikubwa kama kofia, kimefumwa vizuri kwa nyasi, manyoya ya kuku, na vitambaa vya kijani.

Mshai alishika kitambaa kimoja. Akakigeuza. Akakipangusa.

"Hiki ni kitambaa changu cha kichwa! Cha kina mama wa kanisa!"

"Kile ulichosema mbuzi amekula?" Mwadime aliuliza kutoka kwenye gogo.

"Kile kile!"

Mwadime akasimama taratibu. "Mbuzi yule tulimchinja Krismasi. Ulisema, 'Huyu mwizi aende.'"

Walitazamana. Mshai alijifunika mdomo kwa kile kitambaa kichafu, mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe tulicheka sote watatu hadi jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Mwadime alimjibu kwamba kuna mbuzi amesafishwa jina. Baada ya hapo hakurudi kwenye gogo, ila hakushika brashi pia. Alisimama karibu, akitoa ushauri.

Baada ya kukwangua, nilipaka dawa ya chupa niliyokuja nayo. Hapa sikilizeni vizuri: dawa ya grisi hupakwa kutoka chini kwenda juu, maji humwagwa kutoka juu kwenda chini. Ukipaka kutoka juu, dawa inachuruzika kwenye uchafu mkavu na kuacha michirizi isiyotoka. Na usiiache ikaukie juani. Jua la Kasigau halina subira. Nilikuwa napaka sehemu ndogo, nasugua kwa brashi, pembe nasugua kwa mswaki wa zamani, napangusa kwa kitambaa, ndipo nahamia nyingine. Kisha Mshai anakuja na kopo lake la mvua na maji ya sare za kwaya, taratibu, huku akiimba sauti ya pili ya wimbo uleule ambao sare zile zilivaliwa kuuimba.

Polepole injini ikatokea. Ilianza alumini ya juu, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Zikaja herufi zilizochongwa kwenye chuma ambazo Mwadime alikuwa hajawahi kuziona maishani mwake. Zikaja bolti, zikaja mipira. Kuna furaha katika kazi hii, vijana, ambayo siwezi kuwaeleza vizuri. Kitu kinarudi kuwa kile kilichokuwa siku ya kwanza, mbele ya macho yako, na ni mkono wako umekirudisha.

Tulikausha kwa vitambaa. Nikafunua nilivyovifunika, nikarudisha waya wa betri, nikampa Mwadime ufunguo.

Alikaa kwenye usukani. Akazungusha. *Nyi-nyi-nyi-nyi.* Akazungusha tena. *Nyi-nyi-nyi.* Injini ilikuwa safi, nzuri, na imekufa kabisa.

Mwadime alitoa kichwa dirishani. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonichoma.

"Shemeji," alisema, "umemwosha hadi roho ikatoka."

Na wakati huohuo tukasikia pikapu inaingia uani, na sauti ikiita, "Hodi wenyewe!"

Alikuwa mnunuzi wa skrapu, Bwana Hamisi wa Taveta, mtu mnene mwenye kofia ya kushonwa na tabasamu la kweli. Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na mabati, ekseli, na mnyororo wa kuvutia magari.

"Karibu, Bwana Hamisi," Mwadime akasema huku akishuka. "Kaa kidogo unywe chai. Marehemu bado anavishwa."

Nilirudi kwenye boneti. Mshai alinifuata, akaninong'oneza, "Dada, tumemuua?"

"Nyamaza kwanza. Uliniletea karatasi gani ya kufunika distribyuta?"

Alikwenda akaiokota, akaiinua juani. Kwenye kona palikuwa na tundu, dogo kama jicho la kuku. Nikamtazama Mshai, Mshai akanitazama. Kazi ya kukagua karatasi ilikuwa yangu, nami nilikuwa na haraka mno ya kuona chuma safi.

Kuhusu hili msiogope kamwe. Maji kwenye distribyuta si kifo, ni mafua. Nilifyatua vishikizo, nikatoa kifuniko, na ndani palikuwa na matone, yametulia kana kwamba yamelipia chumba. Nilipangusa kwa ncha kavu ya leso ya Mshai. Nikaweka kifuniko juu ya jiwe lililopata moto wa jua, kama kipande cha muhogo unachokianika, tukakaa tukikitazama. Bwana Hamisi alimaliza kikombe, akaongezwa kingine, akaja kusimama nasi.

"Mwaanika nini, mama?"

"Roho ya gari," Mwadime akamjibu kabla sijafungua mdomo.

Kifuniko kilipokauka na kupata joto nilikirudisha. Mwadime akaketi tena kwenye usukani, na safari hii alifunga macho kabla ya kuzungusha ufunguo.

*Nyi-nyi*, kikohozi kimoja, kikohozi kingine, halafu Chai akanguruma. Kuku walitawanyika. Mshai alipiga vigelegele hadi upande wa pili wa kijiji wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Injini ilitulia, ikashuka sauti, ikaanza kuimba ule wimbo wake wa zamani wa cherehani nzuri.

Lakini furaha ya Mwadime haikukaa usoni. Alikuwa anatazama boneti, anangoja. Mimi pia nilikuwa nangoja. Kuwaka lilikuwa likiwaka siku zote. Swali lilikuwa moshi.

"Mshai, kuna poda ya mtoto ndani?"

"Ya mjukuu ipo."

"Ilete."

Niliinyunyiza poda kwenye ile injini safi, kila mahali ambapo chuma kinakutana na chuma, mbali na mkanda na feni inayozunguka. Bwana Hamisi alitikisa kichwa. Alisema amewahi kuona watu wakiwapaka poda watoto na maharusi, lakini gari, bado. Tukainama sote wanne, vichwa karibu kugusana. Mvuke kidogo ulipanda, ukaisha. Yalikuwa maji yetu tu yakikauka. Injini ikazidi kupata moto. Poda ikabaki nyeupe. Nyeupe mbele, nyeupe chini, nyeupe kando ya pampu.

Mshai ndiye aliyeona.

"Hapa," alisema. Kisha akapiga kelele. "Hapa! Dada, hapa!"

Nyuma kabisa, kwenye ukingo wa kifuniko cha valvu, poda ilikuwa imepata mstari mweusi mwembamba kama njia ya siafu. Ulikuwa unashuka polepole, tone kwa tone, moja kwa moja juu ya ekzosi. Tone likagusa chuma cha moto. *Shii.* Uzi wa moshi ukapanda.

Nilimwambia Mwadime azime. Injini ilipopoa nikaingiza mkono ule ule mwembamba, ingawa siku hizi unaingia kwa manung'uniko, nikashika bolti za nyuma. Zilizunguka kwa vidole vitupu. Gasketi chini yake, ule utepe wa kuzuia oili isivuje, ilikuwa imekauka, ngumu kama mkate wa juzi.

"Ni hiyo tu," nikamwambia.

"Hiyo tu?"

"Oili inatoka hapa, injini ikitetemeka na upepo ukivuma inasambaa kote, vumbi linashika. Ndiyo maana ilionekana kama inatoka kila mahali. Badilisha gasketi, kaza bolti. Injini yako nzima, shemeji."

Mwadime alirudi nyuma hatua moja, akatafuta mahali pa kukaa, akakuta karai limepinduliwa, akalikalia. Mshai alikwenda akamshika bega.

"Nilikuwa nimeshamuaga," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa namuaga."

Hakuna aliyemtania. Bwana Hamisi alivua kofia yake, akaishika mkononi, akaivaa tena.

"Bwana Mwadime," alisema, "mimi nanunua chuma kilichokufa. Hiki chapumua. Haki siwezi kukichukua hata ukinipa bure." Kisha akatazama huku na huku. "Lakini lile jembe la ng'ombe lililovunjika pale, na yale mabati?"

Akapewa jembe na mabati, akapewa na chakula cha mchana. Alipokuwa anataka kuondoka alisita karibu na pikapu yake, akanitazama kando kama mtu anayetaka kumwonyesha daktari jipu.

"Mama, hebu nitazamie na hii yangu."

Akafungua boneti. Nilipoona, nilicheka hadi nikashika mlango. Ya Chai ilikuwa shamba. Hii ilikuwa msitu. Nilimpa mwiko uliovunjika, akakunja mikono ya shati, na mtu yule mnene aliyekuja kuchukua gari letu alikaa Rukanga hadi alasiri akikwangua, akiuliza kila bolti inaitwa nini, akifurahi kama mtoto kila kipande kilipoanguka.

Siku iliyofuata gasketi ililetwa na bodaboda kutoka Voi. Nilikwangua masalia ya ile ya zamani, nikapangusa kingo zikawa kavu kabisa, tukaiweka mpya. Bolti za kifuniko kile hukazwa kidogokidogo, za katikati kwanza kisha kwenda pembeni, na hukazwa kwa mkono mwepesi. Ukizitia nguvu za kiume unaipasua gasketi uliyoinunua leo. Nilimwachia Mshai spana. Akakaza kwa adabu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akishona nguo za watoto. Tuliliwasha, tukaenda nalo hadi kijiji cha Bungule na kurudi. Hakuna moshi. Hakuna tone.

Jumapili Mshai alishika usukani, Mwadime akakaa kando yake, mimi na kina mama wa kwaya tukajazana nyuma, na Chai akatupeleka kanisani akiwa amesimamisha kichwa. Habari zilikuwa zimetutangulia. Ibada ilipokwisha, watu hawakwenda kwao. Walilizunguka gari wakitaka boneti ifunguliwe. Ikafunguliwa. Wakainama kutazama, na bibi mmoja akasema, "Yo! Kumbe ndani kuna vitu vizuri hivi?"

Mwadime alipanda juu ya jiwe ili aonekane. Akaanza kuwaeleza. Akawaambia injini lazima iwe baridi. Akawaambia dawa hupakwa kutoka chini na maji hutoka juu. Akawaonyesha distribyuta, akaeleza kwamba tundu dogo kama jicho la kuku laweza kukuaibisha mbele ya wageni, na namna ya kukianika kifuniko.

"Halafu hapa," akasema akinyoosha kidole, "hapa palinisumbua sana. Hapa nilisugua kwa mswaki."

Nilisugua! Shemeji yangu hakuwa amegusa hata kitambaa. Mshai alinibana ubavu kwa kiwiko, machozi ya kicheko yanamtiririka. Mimi nilimwacha aendelee.

Kwa hivyo mkipita Rukanga mkamkuta mtu mrefu amesimama mbele ya boneti iliyo wazi akiwafunza watu kuosha injini, simameni mmsikilize hadi mwisho. Yote anayosema ni kweli. Ila kila akisema "mimi", ninyi wekeni "wao".